Nani Analala Upande wa Ukuta Huu?

Ukimwita fundi huyu aje akuvishie nyumba plasta ya nje, usishangae akiupita ukuta uliomwitia bila hata kuutupia jicho. Ataomba kwanza kuingia ndani. Atavua viatu, atapita chumba kwa chumba, na mbele ya kila ukuta unaopakana na nje atauliza swali lile lile: nani analala upande wa ukuta huu? Ukishamjibu, atatoa msumari mfukoni na kuusukuma ukutani kwa kidole gumba, karibu na sakafu kwanza, kisha usawa wa goti, kisha usawa wa kiuno. Msumari ukigoma kuingia, atashukuru na kuanza kupima kazi. Ukiingia hata kidogo, kazi haipo, na usijisumbue kumbembeleza, kwa sababu harudi mpaka ukuta ukauke. Wapo wanaomcheka. Wapo wanaosema ana kasoro kichwani. Mafundi wenzake wanamwita Msumari, na walioingia kazini juzi juzi wanadhani ameitwa hivyo tangu ujana wake.

Sivyo. Zamani aliitwa Gongagonga, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Alilipata kwa sikio lake. Alikuwa na tabia ya kugonga kila ukuta kwa kifundo cha kidole cha kati na kusikiliza. Ukuta ulioshikana vizuri na plasta yake hujibu kwa sauti fupi, nzito. Pale plasta ilipoachana na tofali sauti hupwaya, na mtu mwenye sikio anaweza kuifuata sauti hiyo kwa kidole na kuizungushia mstari wa chaki bila kubandua kitu. Gongagonga alikuwa na sikio hilo. Aligonga kuta za watu bila kuombwa. Aligonga hospitalini mkewe akiwa chumba cha kujifungulia, na hata msibani, wengine wakiwa wameinamisha vichwa, yeye alikuwa amepitisha mkono nyuma ya kiti anaudodosa ukuta wa marehemu. Mkewe alimfinya paja. Hakuacha, na waliporudi nyumbani alisema maskini wale watu, wamefiwa, na plasta yao nayo iko mbioni kuwaangukia.

Kazi ya kuvisha nyumba ilipoingia mjini kwao, alikuwa miongoni mwa mafundi wa kwanza kufundishwa. Ni kazi safi. Ukuta wa nje unabandikwa mabamba ya povu jeupe, lile linalofungiwa televisheni mpya ndani ya boksi, ila hili ni gumu zaidi na nene zaidi. Gundi ya saruji hupakwa kuzunguka kingo zote za bamba, na madonge machache katikati. Bamba hukandamizwa, hupimwa kwa pima maji, na safu ya juu hupangwa ili viungo vyake visifuatane na vya chini. Kisha hupigiliwa vishikizo vya plastiki vyenye vichwa vipana. Juu yake huja plasta laini, ndani ya plasta huzamishwa wavu, na mwisho hupakwa plasta ya rangi yenye chembe za mchanga, inayosuguliwa kwa mduara mpaka ukuta wote uwe na sura moja. Nyumba iliyovishwa hivyo haiingiwi na joto la mchana wala baridi ya alfajiri, na nyufa zake za uzee hupotea zote kwa pamoja.

Gongagonga aliipenda kazi hiyo kwa moyo wake wote, isipokuwa jambo moja. Alipomaliza nyumba yake ya kwanza aliigonga, kama kawaida yake, na ukuta ukamjibu bu. Akasogea, akagonga, bu. Alizunguka nyumba nzima akapata bu ile ile. Povu halina habari. Lililoshikana na ukuta na lililoachana nao, yote yanasema neno moja. Siku ile alijiona mithili ya mtu aliyemsalimia ndugu yake asiitikiwe. Baadaye akazoea, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Nyumba aliyoishi ilikuwa ya marehemu baba yake, ambaye alikuwa mwashi wa udongo. Mzee aliijenga kwa matofali mabichi, yasiyopita tanuruni, yaliyofyatuliwa kwa udongo uliochimbwa pale pale uani. Kila mvua zilipokwisha alikanda udongo na chokaa akaipaka nyumba upya kwa nje, na hakumruhusu mtu kuegemeza kitu ukutani. Si ubao, si bati, si baiskeli. Ukiegemeza, alikuja akakiondoa mwenyewe huku ananung'unika, na watoto walidhani ni kisirani tu. Hakuwahi kueleza sababu, na pengine hakujua kuieleza. Udongo hunyonya maji kutoka ardhini mvua zikinyesha, na upande wa nje ukiwa wazi, huyatoa tena kwa jua na upepo. Mzee alijua tu kwamba ukuta uliofunikwa haukauki. Alipofariki, hakuna aliyeendelea kuupaka, maana mwanawe alikuwa anashinda kwenye kuta za zege za watu wengine.

Ilikuwa aibu. Watu walitania kwamba nyumba ya fundi plasta ndiyo iliyochunika kuliko zote mtaani, naye alicheka nao huku moyo ukimuuma. Lakini kilichomsukuma hasa hakikuwa aibu, alikuwa ni mama yake. Mama alilala chumba cha nyuma, kitanda kimebanwa na ukuta wa nje, na alikuwa na desturi ya kulala amegeukia ukutani. Juu kidogo ya mto wake palikuwa na msumari uliopigiliwa na mumewe, na kwenye msumari huo lilining'inia koti la kazi la marehemu, lenye madoa ya chokaa mabegani. Msumari ulikuwa chini kiasi kwamba mama akiwa amelala aliweza kuushika mkono wa koti. Alilala hivyo siku zote, ameushika. Msimu wa baridi ulipoingia, ubaridi ulipita kwenye matofali ukamwingia kifuani, akakohoa mpaka nyumba nzima ikakosa usingizi. Gongagonga alimsikia, na alijiona mwana wa hovyo kabisa, anayewavisha wageni nyumba zao huku mama yake anatetemeka.

Basi mabaki ya mabamba kutoka kazi zake yalipofikia kutosha nyumba nzima, akakata shauri. Mvua zilikuwa zimekatika juzi tu, tena zile mvua ngangari zinazosahau kuondoka, na sehemu ya chini ya ukuta wa nyuma ilikuwa nyeusi kwa maji mpaka usawa wa goti. Aliigusa kwa kiganja. Ingekuwa nyumba ya mteja, angesubiri ikauke. Alifundishwa hivyo, na hakuwa fundi mzembe. Lakini kazi nyingine ilikuwa inamngoja, jua lilikuwa linawaka, na akilini mwake ukuta ulikuwa ukuta. Miaka yote ile ya zege ilimsahaulisha kwamba huu ulikuwa udongo. Akauvisha. Na ili kazi ipendeze, aliteremsha mabamba mpaka ndani ya ardhi, kisha akamwaga ukanda wa saruji kuzunguka msingi wote, mahali ambapo baba yake hakuruhusu hata baiskeli.

Ilipendeza, hilo lisemwe. Rangi yake ilikuwa ya maziwa yaliyodondoshewa chai, kona zake zimenyooka, na jua la jioni liliupata ukuta wa nyuma wote bila kukwama kwenye nundu hata moja. Msimu wa baridi uliofuata mama aliliweka pembeni blanketi la pili, na kikohozi kikapungua. Kila aliyefika alielezwa kwamba mwanangu ameivalisha nyumba yangu koti. Wateja walipotaka kuona mfano wa kazi, Gongagonga aliwaleta nyumbani, akawasimamisha mbele ya ukuta ule na kuwaambia wagonge wenyewe. Waligonga, wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakampa kazi. Kichwa kilimvimba kidogo, na nani angemlaumu.

Mvua nyingine zilikuja zikaenda. Siku moja asubuhi mama alimwita kwamba koti limeanguka. Lilikuwa sakafuni, ukosi wake umeingia tope, na msumari nao ulikuwa sakafuni. Gongagonga aliuokota, akaupigilia shubiri moja juu ya pale ulipokuwa, akawahi kazini. Mama alisema haidhuru, akinyoosha mkono kidogo bado anaufikia mkono wa koti.

Halafu msumari ukaanguka tena. Akaupandisha tena.

Mkewe ndiye aliyeanza kunusa. Alisema chumba cha mama kina harufu ya ardhi iliyonyeshewa, na hali ni kiangazi. Kisha unga mweupe wa chumvichumvi ukaota kwenye rangi ya ndani, ukifutwa leo kesho umerudi. Mumewe akamwambia afungue dirisha. Dirisha likafunguliwa, na lilipofunguliwa likakataa kufungika. Gongagonga akalipiga randa upande mmoja mpaka likakubali, wala hakujiuliza kwa nini fremu iliyokaa sawa tangu utoto wake ipinde mwaka huu. Mambo ya nyumbani kwa fundi huwa hivyo. Kwa mteja angeshika tama nusu siku mbele ya fremu ile.

Mama naye akaja na lake. Ilikuwa mchana, ametoka kujipumzisha, na alisema kwa utaratibu, asije akaonekana anailaumu kazi ya mwanawe.

"Baba, humo ukutani kuna kitu kinamwagika."

Gongagonga akamuuliza kama si panya. Mama akasema panya anamjua, panya anakimbia kwenda na kurudi, hiki kinateremka tu. Kinateremka, kinanyamaza, kinateremka tena, kama mchanga unaopunguzwa gunia. Gongagonga aliinama, akaweka sikio ukutani, asisikie kitu. Angegonga pale pale ndani, kwa kifundo kile kile kilichompa jina, ukuta wa baba yake ungemwambia kila jambo. Lakini alikuwa ameshazoea kuiamini kazi yake. Alitoka nje, akazunguka nyumba, akagonga povu. Bu. Akarudi akamwambia mama kwamba ukuta ni mzima, asiwe na wasiwasi.

Mkewe hakuridhika. Wakati wa kula alimwambia akate kipande kidogo kwa nje, watazame ndani kuna nini, kisha azibe.

"Kiraka kwenye plasta ya rangi kinaonekana hata ufanyeje," alisema Gongagonga. "Nitawaonyesha wateja kiraka?"

"Kwa hiyo mama avute ile harufu kwa ajili ya wateja?"

Gongagonga alinuna, akala chakula chake chote bila kuinua macho, na mkewe akakusanya vyombo kwa kishindo kilichotosha kuwa jibu. Tangu siku ile hawakulizungumza tena, ila mama watoto alianza kumuuliza mama mkwe kila asubuhi kama amelala vizuri, na aliuliza akiwa amesimama mlangoni, macho yake yako ukutani. Alishajaribu kukivuta kitanda kile peke yake. Kilikuwa cha mti mzito, kazi ya marehemu huyo huyo, na hakikusogea hata kidogo.

Msumari uliendelea kupanda. Kila ulipotoka, mama aliita, na Gongagonga alikuja na nyundo akaupigilia juu zaidi, haraka haraka, akili ikiwa kwenye jukwaa la kazi ya siku hiyo. Ikafika mahali mama hawezi kuufikia mkono wa koti hata akikaa. Alitania kwamba koti linamfuata mwenyewe huko juu, na wajukuu wakacheka. Lakini alipolala alikuwa anauweka mkono wake ukutani penyewe, pale koti lilipokuwa zamani, na alimwambia mkwewe kwamba ukuta umekuwa wa baridi tena, baridi ya namna nyingine.

Ndipo habari ya mkandarasi ikaja. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, anajenga mtaa mzima wa nyumba na anatafuta fundi mmoja wa kusimamia uvishaji wa zote. Alisikia sifa za ukuta wa Gongagonga akasema atakuja auone mwenyewe. Kazi ya namna hiyo humjia fundi mara moja maishani, na wengi haiwajii kabisa. Siku hiyo Gongagonga aliamka akaosha ukuta kwa maji na brashi laini, akafagia njia, akamwomba mkewe abandike chai jikoni. Alikuwa anavaa shati safi aliposikia anaitwa chumba cha nyuma.

Mama alikuwa amekaa kitandani, koti limelala miguuni mwake.

"Baba, nipandishie msumari."

Aliingia na nyundo. Aliuweka msumari usawa wa kifua chake mwenyewe, akaushika kwa kidole gumba ili apige, na kabla hajainua nyundo msumari ulizama mpaka kichwani. Akauvuta. Ulitoka bila kubishana, umelowa, una tope jekundu kwenye ncha. Akauweka juu zaidi. Ukazama tena.

Hapo akatazama chini. Matundu ya misumari yalianzia karibu na mto wa mama yake yakapanda moja juu ya jingine mpaka mbele ya macho yake, kila tundu limezungukwa na doa la maji. Yote, isipokuwa lile la kwanza la baba yake, aliyapigilia yeye. Maji yalikuwa yakipanda tangu mwaka jana, na mama yake alikuwa akimwita kila yanapopanda, naye alikuja kila mara akiwa na nyundo. Aliweka kiganja ukutani akasukuma taratibu. Ukuta ukabonyea, kisha ndani yake kitu kikateremka, na safari hii alikisikia. Mwashi haambiwi maana ya sauti ile.

Nje gari lilipiga honi.

"Nihame hapa, baba?" mama aliuliza. Alikuwa anamtazama usoni, na uso wa mwanawe ulikuwa umeshamjibu.

Kumhamisha kulitaka watu wawili, na godoro lipitishwe sebuleni mbele ya mgeni aliyekuwa tayari anapiga hodi, na mgeni angeuliza kwa nini. Gongagonga aliyawaza hayo yote kwa pamoja. Aliwaza pia kwamba ukuta umesimama hivyo hivyo tangu mwaka jana, hauwezi kushindwa kusimama kwa muda wa kikombe cha chai. Aliogopa, hilo lisemwe, lakini hofu ya mgeni kuuliza ilikuwa karibu zaidi.

"Ngoja kidogo, mama. Nikishaagana na mgeni, nakuja kukihamisha kitanda mwenyewe."

"Haya. Nipe koti basi."

Alimfunika koti kifuani. Mama akajilaza, akageukia ukutani kama alivyozoea, akaushika mkono wa koti. Gongagonga alitia msumari mfukoni, akafutia tope la kidole gumba ndani ya mfuko huo huo, akatoka kumpokea mgeni kwa tabasamu.

Mkandarasi hakutaka kukaa. Alisema chai baadaye, kazi kwanza, na wakazunguka nyuma. Alikuwa mtu anayejua kutazama. Alisimama mbali kwanza akauona ukuta wote, kisha akasogea akapitisha mkono kwenye kona, akachuchumaa akakagua ukanda wa saruji chini. Gongagonga alijibu maswali yake yote bila kukosea, na wakati anajibu alikuwa anahesabu kwa moyo ni mangapi yamebaki. Dirisha la mama lilikuwa wazi. Mkandarasi alipolifikia akachungulia kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunitazama mimi au ukuta?"

"Wote wawili, mama," alisema mkandarasi, akacheka, na hata Gongagonga akacheka, kwa kuwa sauti ya mama yake ilikuwa ya kawaida na jua lilikuwa linawaka na ukuta ulikuwa umenyooka. Alijiambia kwamba wanakaribia kumaliza. Mkandarasi akakunja kidole, akagonga. Bu. Akasogea, akagonga tena. Bu.

"Safi. Na huku ndani ni tofali gani?"

"Tofali za kawaida," alisema Gongagonga.

Kilichofuata hakikuwa kishindo kikubwa. Kilikuwa kishindo kizito na kifupi, cha kitu kinachokaa chini, kikafuatiwa na kingine kirefu zaidi, kisha ikawa kimya. Ukuta uliokuwa mbele yao haukutikisika. Hakuna ufa uliotokea, hakuna chembe ya mchanga iliyodondoka. Rangi ilibaki ile ile ya maziwa na chai, na mkandarasi alikuwa bado ameweka kidole chake juu yake. Ni dirishani tu ndimo mlimotoka vumbi jekundu, taratibu, likaenda zake na upepo.

"Ni nini hicho?" mkandarasi aliuliza.

Gongagonga alikuwa ameshakimbia. Ndani alimkuta mkewe anaupiga bega mlango wa chumba cha nyuma, anamwita mama, na mlango hausogei kwa sababu udongo umeuegemea. Dirisha lilikuwa na nondo. Akarudi nje na kisu cha kukatia mabamba. Alijua pa kupitisha kisu ili kisigonge kishikizo, na alikipitisha pale, akaipasua plasta yake, akaupasua wavu, akalipasua povu, akang'oa bamba zima kwa mikono. Nyuma yake hapakuwa na ukuta. Palikuwa na giza na udongo uliolowa unaoporomoka kwenye viatu vyake. Paa lilikuwa limeshikiliwa na kuta za pembeni na boriti za marehemu, na ile ngozi nzuri ya plasta ilikuwa imening'inia yenyewe kutoka kona hadi kona, haina inachokifunika.

Aliingilia humo. Kitanda kilikuwa chini ya udongo wote. Alichimba kwa vidole, na kitu cha kwanza kukishika kilikuwa mkono wa koti, akauvuta kwa furaha akidhani ni mkono wa mtu. Mkandarasi alivua viatu akaingia kuchimba upande mwingine. Walipomfikia mama alikuwa bado amegeukia upande ule ule, na alikuwa ameshakufa.

Waombolezaji walikaa uani na wengine wakamwagikia nyuma ya nyumba, maana watu walikuwa wengi. Waliokaa nyuma waliutazama ukuta, umesimama vile vile wote isipokuwa tundu alilolikata, na mmoja wao, mtu wa mbali asiyejua habari, alimnong'oneza mwenziwe kwamba plasta ya hapa imepigwa na fundi hasa. Gongagonga alimsikia. Baada ya mazishi aliibandua ngozi yote kwa mikono yake, bamba kwa bamba, akakataa msaada. Mkewe hakumwambia hata siku moja kwamba nilikuambia. Angemwambia, pengine ingekuwa nafuu. Lile neno lake mwenyewe, ngoja kidogo, lilibaki naye mezani na njiani na kazini, na halikuhitaji mtu mwingine wa kulisema.

Kazi ya mtaa mzima ilichukuliwa na fundi mwingine, naye hakuiulizia. Alikaa muda mrefu bila kushika mwiko. Aliporudi kazini wenzake waligundua kwamba hagongi tena kuta, hata za mawe, na kwamba mfukoni ana msumari mzee wenye kutu, ule uliopigiliwa na baba yake. Jina la Gongagonga likafa lenyewe.

Kuna jambo moja ambalo halikutajwa pale mwanzo. Msumari ukiingia ukutani, fundi huyu haondoki papo hapo. Anamwomba anayelala pale ainuke, akiwa hawezi anambeba, na kitanda anakihamishia upande wa pili kabla hajavaa viatu, hata kama sebule imejaa wageni. Mwenye nyumba akimwambia angoje kidogo, anashika kitanda upande wa kichwani na kuanza kuvuta.